Goti la Taifa

Taarifa ya habari ilimkuta Kisiki akiwa na misumari mdomoni, kwa hiyo hakuweza kutukana mara moja.

Alikuwa ameinama juu ya sofa la mteja, akigongelea kitambaa kipya, huku redio ya kinyozi wa jirani ikipiga kelele dirishani kama kawaida yake. Mtangazaji alisema Mheshimiwa Rais ameridhia kwamba siku aliyoumia goti uwanjani, enzi zake za soka, sasa iwe sikukuu. Itaitwa Siku ya Goti. Itaadhimishwa Jumamosi hii, na sanamu itazinduliwa. Kisiki akapunguza kugonga. Mtangazaji akashusha pumzi, akaongeza kwamba Mheshimiwa, kwa ukubwa wa moyo wake, atatumia hotuba ya siku hiyo kumsamehe hadharani beki aliyemvunja.

Nyundo ikatua kwenye kidole gumba.

"Pole," alisema Mama Birika, muuza chai wa kijiwe, bila kuacha kumimina. "Au niseme hongera? Si kila mtu anasamehewa na Rais. Wengine wanasamehewa na majirani tu."

Hakuna kijiwe kinachokalika vizuri kama hiki. Kisiki ni fundi masofa, na masofa yanayosubiri wenyewe hupangwa nje ya karakana yake. Mteja akichelewa kuchukua lake, linakaliwa mpaka linahitaji matengenezo mengine. Asubuhi hiyo lile refu lilikuwa limekaliwa na Kofia, muuza viatu vya mitumba, ambaye hajawahi kuonekana bila kofia ya chama tawala. Watu husema alizaliwa nayo, mkunga akashindwa kuivua.

"Moyo wa namna ile hauzaliwi kila siku," alisema Kofia. "Mtu kakuvunja goti, wewe unamsamehe kwenye televisheni! Kisiki, ungekuwa na adabu ungeanza kulia sasa hivi."

Kisiki akatema misumari kiganjani. "Niligusa mpira kwanza."

"Tumeanza," alisema Mama Birika.

"Niligusa mpira kwanza! Nitasema mpaka nafukiwa. Mguu wangu ulikwenda kwenye mpira, mpira ukatoka, yeye akaanguka kwa hiari yake."

"Kwa hiari!" Kofia alitafuta wa kumsaidia kushangaa. "Winga bora kuliko wote waliowahi kuzaliwa, watu walimwita Umeme, aanguke kwa hiari kwenye nusu fainali?"

"Umeme gani haukatiki?"

"Mimi ugomvi wangu na Kisiki ni mwingine," alisema Mama Birika, akimkabidhi kikombe. "Ungemwacha apite afunge goli lake. Leo angekuwa mzee mwenye kitambi, kocha wa timu ya benki, anatukana vijana uwanjani. Sukari ingenunulika. Lakini wewe ukamwangusha, na nchi nzima ikamwokota. Siku zote nikipanga foleni ya mafuta ya taa nakukumbuka wewe."

"Hakuanguka kwa mguu wangu!"

"Basi nakukumbuka bure."

Kinyozi alitokeza kichwa dirishani. Huyu anaitwa Filimbi, kwa sababu ujana wake aliumalizia kwenye urefa, na mechi ile ya nusu fainali ni yeye aliyeichezesha. Isitoshe, amemuoa dada yake Kisiki. Wakati wa mechi alikuwa ndiyo kwanza ameanza kupitapita nyumbani kwao akijifanya kapotea njia, jambo ambalo mashabiki wa Umeme hawajalisahau hadi leo.

"Shemeji, umesikia?"

"Nina masikio."

"Sasa ndiyo wakati. Unavaa suti, unapanda jukwaani, unakumbatiwa, unapigwa picha. Picha unaitundika hapa. Nani atapeleka sofa lake kwa fundi mwingine?"

"Picha ya mimi nikisamehewa."

"Picha ya wewe na Rais!"

"Mheshimiwa ni mtu wa watu," alidakia Kofia. "Katoka kucheza peku kwenye vumbi, kavaa jezi ya taifa, kaumia kwa ajili yenu, kasimama tena. Nani kati yenu amesimama tena?"

"Mimi nimesimama tangu alfajiri," alisema Mama Birika.

"Nasema historia! Mtu alipanda jukwaani na magongo mawili..."

"Akashuka na jimbo," alimalizia Mama Birika. "Tunajua. Akaenda bungeni, magongo yakabaki nje kama viatu vya msikitini. Kwenye kampeni ya urais akachechemea nchi nzima. Kaskazini alichechemea mguu wa kulia. Kusini, wa kushoto. Nina dada yangu huko, tulibishana kwa simu mpaka salio likaisha."

"Barabara za huko zimeinama upande mwingine," alisema Kofia.

Hata Kisiki alicheka, ingawa hakutaka.

"Na mawaziri?" Filimbi alishanogewa, akasahau mteja kitini. "Anawatoa kama wachezaji. Yule wa maji alitolewa hata jasho halijamtoka."

"Hakuwa anakaba!" alisema Kofia.

"Jaji akitoa hukumu asiyoitaka, anamzonga na wenzake kama wanavyomzonga refa. Wanamzonga mpaka aibadili! Mimi nilizongwa, nayajua mambo hayo."

"Akiulizwa swali na mwandishi wa habari, anajiangusha," alisema Mama Birika. "Kaulizwa juzi habari ya mishahara ya walimu, akashika goti."

"Lilimuuma!"

"Na muhula wake si uliisha, Kofia? Au mimi ndiye sijui kuhesabu?"

"Kuna dakika za nyongeza."

"Dakika za nyongeza ndefu kuliko mechi yenyewe?"

"Kulikuwa na majeruhi," alisema Kofia kwa heshima kubwa, akanywa chai.

Wakacheka wote, ila Kisiki, ambaye sasa alikuwa ameketi kwenye ukingo wa sofa, akikinyonya kidole kilichopigwa na nyundo.

"Nyinyi chekeni," alisema. "Mwanangu anafundisha darasa la nne. Kuna kitabu kule, kina somo linaitwa 'Shujaa Wetu'. Kuna picha ya Umeme amelala, na juu yake amesimama beki. Beki huyo wamemchora meno marefu, macho mekundu, na mguu kama shoka. Chini yake wameandika swali: 'Je, ni vizuri kuwa na wivu?' Mwanangu anasimama mbele ya watoto wa watu, anawauliza swali hilo. Wanajibu kwa pamoja, 'Hapanaaa.' Wiki iliyopita kitoto kimoja kimemuuliza: mwalimu, beki yule alifungwa jela au alinyongwa? Kamjibu kwamba anatengeneza masofa."

Mama Birika akamwongeza chai bila kuombwa.

"Lakini hayo yalikuwa maneno tu," Kisiki aliendelea. "Maneno naweza kuyabishia. Akinisamehe Jumamosi, nitabisha nini? Mtu asiye na kosa akisamehewa, kosa linampata palepale."

"Shemeji, unakuza mambo."

"Wewe nyamaza. Au tuseme usinyamaze. Wewe ndiye shahidi wangu. Siku ile ulitoa nini?"

Filimbi akajikuna shingo. "Kona."

"Kona inatolewa lini?"

"Beki akiwa wa mwisho kuugusa mpira, ukatoka nyuma ya goli."

"Mmesikia? Kona! Hakuna faulo, hakuna kadi. Kona!"

"Ila shemeji," alisema Filimbi, akitazama barabarani, "ukiniuliza leo, na umri huu... Jua lilikuwa linanipiga machoni."

"Mechi ilikuwa ya mvua!"

"Kulikuwa na kajua katikati ya mvua."

Kisiki alitaka kuinuka na nyundo yake, Mama Birika akamwekea mkono begani. Na huenda angeinuka hivyo hivyo, kama gari jeusi lisingesimama mbele ya karakana. Lilikuwa gari safi mno kwa mtaa ule. Akashuka mtu mmoja mwembamba mwenye suti, akachagua pa kukanyaga.

Kofia akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena.

"Nani hapa anaitwa Kisiki?" aliuliza Bwana Suti.

Wote walimtazama mmoja, ikawa kama wamejibu.

"Ndiye mimi," alisema Kisiki. "Kama mmekuja kunikamata, naomba nimalize sofa hili. Lina arusi."

"Hapana, mzee wangu, hapana!" Bwana Suti aliketi kwenye sofa lililokuwa karibu, springi ikamsalimia, akainuka, akahamia jingine. "Natoka Kamati ya Maandalizi ya Siku ya Goti. Nina swali moja dogo. Naomba sana lisitoke hapa."

Kijiwe kizima kikasogeza masofa karibu ili lisitoke.

Bwana Suti akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti.

"Ni goti lipi?"

Mama Birika akalitua birika chini.

"Unasema?" aliuliza Mama Birika.

"Goti lililoumia. La kulia au la kushoto? Sanamu imeshasimama, imefunikwa turubai. Bandeji ya shaba imetengenezwa peke yake, fundi yuko juu ya ngazi na moto wake, anasubiri kuambiwa aichomelee wapi. Picha zinagongana." Akazitoa mfukoni, akazipanga juu ya sofa. "Kwenye hii gongo liko kulia, kwenye hii kushoto. Kuna moja ana gongo kulia na anachechemea kushoto."

"Na hospitali?" aliuliza Kisiki.

"Faili ni siri ya taifa."

"Si mumuulize mwenyewe," alisema Mama Birika. "Goti analo."

Bwana Suti akatazama tena kulia na kushoto. "Aliyemuuliza mara ya mwisho sasa ni ofisa mifugo mpakani. Alikuwa daktari wa meno."

Kofia akainamia kikombe chake.

Kisiki alimtazama mtu yule wa serikali, suti yake, jasho lililoanza kumtoka kwenye nywele. Maisha yake yote serikali ilikuwa inajua kila kitu juu ya siku ile kuliko yeye. Ilikuwa inajua alikuwa na wivu. Ilikuwa inajua na meno yake. Leo imekuja mlangoni kuuliza.

"Nitakwambia," alisema polepole. "Ila kwanza nitoeni kwenye hotuba. Sitaki kusamehewa."

"Mzee, hilo haliwezekani. Aya ya msamaha ndiyo roho ya hotuba. Pale ndipo Mheshimiwa atatoa leso. Kamera zimeshapangwa kwa ajili ya leso. Lazima asamehewe mtu."

"Asamehewe mwingine. Nchi hii imejaa wakosefu, wengine mnafanya nao kazi."

"Mzee wangu..."

"Nisikilize. Nikisamehewa, waandishi wa habari watakuja hapa na vinasa sauti vyao, watauliza ilikuwaje. Nami nitawaambia nilichokiona. Niligusa mpira, ukatoka. Akapiga hatua mbili nzima, akageuka kumtazama refa, ndipo akaanguka. Akashika goti la kulia, akagaagaa. Machela ilipofika, akashika la kushoto."

Bwana Suti akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"La kushoto?" alinong'ona.

"Nilikuwa nimesimama juu yake. Na meno yangu marefu."

"Mkuu!" Huyo alikuwa Filimbi. Alikuwa ameshatoka nje, na shuka la kunyolea bado begani. "Samahani kukatiza. Mimi ndiye mwamuzi wa mechi ile. Kama serikali inahitaji msaada wa mtu aliyekuwepo, mtu asiye na upande..."

"Asiye na upande kamuoa dada yangu," alisema Kisiki.

"...basi mimi nipo. Ukweli usemwe, mkuu. Ile ilikuwa faulo. Mimi nilikosea kutoa kona."

Kisiki alihisi kitu kikimkatika ndani, kama utepe wa mpira unaobeba kikalio cha sofa. Miaka yote hiyo alitukanwa sokoni, akaimbwa viwanjani, lakini kona ile ilikuwa yake. Usiku akikosa usingizi alikuwa anailalia. Sasa anaitoa shemeji yake, mbele ya macho yake, kama mtu anayegawa nguo za marehemu.

Bwana Suti naye aligeuka taratibu. "Umesema ulikosea?"

"Nilikosea, mkuu. Binadamu hukosea."

"Mchezaji akaumizwa mbele yako, na hukupuliza."

"Sikupuliza."

"Kwa hiyo mwamuzi ndiye aliyeshindwa kumlinda Mheshimiwa?"

"Unaweza kulisema hivyo pia," alisema Filimbi, akitabasamu. Macho yake yalikuwa yameshapita gari lile, yamefika mbele, kwenye kiti kipya cha kinyozi anachokiota siku zote, kile kinachozunguka na kupanda. "Nipo tayari kulisema popote. Hata kwenye redio."

"Unakubali jina lako litumike?"

"Kwa moyo mmoja!"

Bwana Suti akaenda pembeni kupiga simu. Aliongea akiwa amesimama wima, kama anayeongea naye anamwona. Kisiki akamtazama shemeji yake, aliyekuwa anajipangusa nywele za mteja mikononi kwa furaha. Alishaliona jambo linakokwenda. Beki aliyecheza muda mrefu huona mpira kabla haujapigwa. Angeweza kumwonya. Neno moja tu lingetosha.

Akachukua misumari, akairudisha mdomoni.

"Tumekubaliana," alisema Bwana Suti akirudi. "Mzee, hutatajwa kwa ubaya. Sasa nisaidie, fundi yuko juu ya ngazi. Goti lipi?"

Kisiki akatoa misumari tena, mmoja mmoja.

"Yote mawili."

"Yote mawili?"

"Alishika yote mawili. Mimi siwezi kumpunguzia Rais maumivu."

"Lakini siku hizi anachechemea upande mmoja!"

"Atazoea."

Jumamosi, kijiwe kilijaa mapema. Filimbi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na ndani ya kibanda chake alikuwa amesafisha pembe moja, amehamisha ndoo na fagio. Hakusema anapisha nini. Alikuwa anamnyoa mzee mmoja, na sauti ya redio ameiongeza hadi mwisho.

"Turubai linavutwa, ndugu wasikilizaji," mtangazaji alisema kwa sauti ya kanisani. "Naam! Mheshimiwa katika shaba, mpira miguuni, na... na bandeji kwenye magoti yote mawili. Mheshimiwa anaitazama. Bado anaitazama. Sasa anaelekea jukwaani, anachechemea mguu wa kushoto... na wa kulia. Anachechemea kote, ndugu wasikilizaji! Anatembea kama... kama mtu anayevuka tope la historia!"

"Mnaona?" Kofia alikuwa na machozi. "Miaka yote kauguza la pili kimya kimya. Uzalendo huo!"

"Akifika salama jukwaani niamsheni," alisema Mama Birika.

Alifika. Akaongelea vumbi, miguu peku, jezi ya taifa. Kisha sauti ikashuka, na watu wakajua leso imetoka.

"Kuna mtu nimebeba jina lake moyoni muda mrefu. Wengi mnadhani ni beki. Hapana. Beki alikuwa kazini kwake."

Kisiki aliacha kugonga.

"Lakini palikuwa na mtu mmoja pale uwanjani aliyepewa macho ili aone, akayafumba. Akapewa pumzi ili apulize, akaibana. Kama angepuliza, ndugu zangu, magoti haya mawili yangekuwa mazima. Amejitokeza mwenyewe wiki hii na kukiri. Ni kinyozi. Leo, mbele ya taifa, mwamuzi yule... namsamehe!"

Uwanja ukanguruma. Haukunguruma kwa msamaha. "Mwa-mu-zi! Mwa-mu-zi!" walizomea maelfu, na katikati ya kuzomea huko mtangazaji akataja jina kamili la Filimbi na la baba yake, akalirudia kwa walioko mbali.

Ndani ya kibanda, mashine ya kunyoa ilibaki inalia hewani. Mzee aliyekuwa kitini, kichwa nusu kimenyolewa, akaushika mkono wa Filimbi kwa upole, akausogeza mbali na shingo yake, akainuka.

"Baba, bado sijamaliza!"

"Imetosha," alisema mzee, akitoka. "Wewe pumzi unaibana, na wembe je?"

Upande wa pili wa barabara wanawake wawili wakasimama kutazama. Mwenye baiskeli akashusha mguu. Mtu akauliza ni yupi, mwingine akamwonyesha kwa kidole.

"Hongera, kaka," alisema Mama Birika. "Umetoka kwenye redio."

"Watakuchora," aliongeza Kofia kwa huruma ya kweli. "Kwenye kitabu cha darasa la nne. Sijui watakuwekea meno gani."

Filimbi akaruka nje na shuka shingoni. Alimtazama Kisiki, akaitazama barabara iliyokuwa inazidi kujaa, kisha akapanda juu ya sofa la arusi na viatu vyake.

"Ilikuwa kona!" alipiga kelele. "Jamani, nisikilizeni! Sikukosea! Ilikuwa kona halali! Jua halikuwepo, mvua ilikuwa inanyesha, niliona kwa macho yangu mawili! Kisiki aligusa mpira! Aligusa mpira kwanza! Yule alijiangusha!"

Kofia akaficha uso kwenye kofia yake asije akaitwa kutoa ushahidi.

Kisiki akajilaza taratibu kwenye sofa refu, mikono nyuma ya kichwa, akafumba macho.

"Sema kwa nguvu, shemeji," alisema. "Mtaa wa pili hawajakusikia."